Mbili za Penseli

Goti lilinitoka mwezi wa tatu, mechi na Dodoma.
Nililisikia mimi kabla uwanja haujalisikia:
kijiti cha muhogo mkavu.
Kocha Sado akaniletea daftari la pointi.
"Hesabu unaijua. Kaa mezani."
Ndivyo nilivyoumaliza msimu wa Furu wa Mirongo,
mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nikiandika vikapu vya wenzangu.

Furu, kwa kuwa sangara walidhani wamewamaliza ziwani
na bado, chini ya mawe, wachache wakabaki.
Sangara ni wale wa Dar,
wenye basi lenye jina lao ubavuni
na daktari wa vifundo vya miguu tu.

Sisi, mkataba ulisema laki nne kwa mwezi.
Wa nne ulikuja nusu.
Wa tano ulikuja na salamu.
Kwandu akarudi kusuka nywele Mabatini,
akifika mazoezini vidole vimekakamaa,
mpira unamteleza, anacheka,
anautukana kwa Kisukuma.
Milembe, ambaye kila mlango wa Mwanza humwinamisha,
aliuza simu, akanunua viatu namba arobaini na sita,
vya kiume, maana vya kike havifiki huko.

Tulipoteza tano mfululizo.
Niliziandika zote.

Kisha usiku ule wa Arusha
vijidudu vya ziwani vikapanda kutoka majini kama moshi,
vikafunika taa, vikaingia puani.
Robo nzima ya tatu walicheza midomo imefumbwa,
hakuna aliyeita pasi, hakuna aliyeita jina,
nyayo tu, na mpira, na nyavu.
Hata mashabiki walishangilia kwa mikono.
Tukashinda kwa kumi na tisa.
Tangu siku hiyo Sado akitaka ushindi husema: "Fumbeni."

Tukafumba. Saba kati ya nane.
Ukurasa wa kumi na nne una mabawa hadi leo.

Mechi ya mwisho, sangara wenyewe.
Mshindi anaingia nne bora.
Sitini na moja kwa sitini na mbili,
sekunde nne, mpira kwa Nyabise,
aliyekulia Ukerewe akirusha machungwa kwenye tenga la dagaa.
Akaruka, akageukia hewani,
honi ikalia,
nyavu zikatikisika.

Mji ulimwagika uwanjani.
Hata juu ya majabali, wanakokaa wasio na tiketi,
watu walikumbatiana.
Refa akapenya, akafika mezani, akainama,
jasho lake likadondokea safu ya Nyabise:
"Dada. Honi na mpira, kipi kilitangulia?"

Wote walikuwa wameitazama pete.
Mimi niliutazama mkono.
"Honi," nikasema.

Silabi mbili.

Wiki mbili hakuna aliyenipigia.
Muuza maji wa pale uwanjani alinirudishia mia tano yangu:
"Kanunue Dar."
Mama akaniambia ningeweza kusema sikuona,
kwani nani angemlaumu mtu mwenye goti bovu?
Nikamwambia goti silo linaloona.
Hatukuongea tena hadi chakula cha usiku.

Jumapili Nyabise akagonga,
mfuko wa machungwa begani, bila hodi wala hujambo.
"Lete daftari."
Akapitisha kidole safu yake, mechi hadi mechi:
mia mbili themanini na tisa.
"Nilikuwa bado nimeushika," akasema, akiuambia ukurasa.
"Honi niliisikia kwenye vidole."

Akamenya chungwa. Akalila lote bila kunigawia.
Kisha: "Una penseli?
Niandikie mbili. Za penseli.
Asizihesabu mtu."

Nikaziandika pembeni, kwa mkono mwepesi.
Akapuliza mabawa makavu yakaruka mezani,
akauliza goti linaendeleaje.