Udongo Uliokuja na Lori

Getini hapa baba aligongesha kadi ya zamu
miaka ishirini na sita,
akarudi na ladha ya sarafu mdomoni
na shati ambalo mama hakulichanganya na nguo zetu.

Sasa nimepewa ufunguo: nyumba namba kumi na saba,
pale palipokuwa birika la asidi.
Mhandisi Kazadi anagonga ardhi kwa kisigino:
“Tumechimba mita moja na nusu. Udongo huu mpya, mama.”
Chini yake turubai. Chini ya turubai
yale tusiyoyataja.

Watoto wanacheza mpira penye tanuru.
Ukumbi wa mtaa umepakwa chokaa,
Jumapili kwaya, Jumatano chanjo.

Nami lengalenga nimepanda kwenye beseni.
Binti yangu Kabedi, mimba miezi mitano,
ananyemelea ukuta, kidole kina vumbi.
Nampiga kofi la mkono:
Si hapa. Udongo wa kula nunua sokoni.

Usiku, mvua ya kwanza ya Oktoba.
Harufu njema, kama ya Lubumbashi yote.
Nalala macho, nikijiuliza
lile lori lililobeba udongo wa baba
lilimwaga mlangoni kwa nani.