Plagi ya Silinda ya Tatu

Mwenyewe ni mie.
Aliyekuwa mwenyewe kazikwa Vitongoji, mwaka wa nne huu,
na bado watu wakiingia huchungulia nyuma ya mgongo wangu
kama kwamba kajificha baina ya makopo ya oili.

Basi, Suweid mwana wa Khelef wa Ole,
usianze na bei.
Umesema Subaru. Umesema turbo;
hilo hukuwa na haja ya kulisema,
ulivyoegesha tu, mizani ya muuza dagaa imetikisika.

Ulizozitoa ziko wapi?
Mfukoni? Lete. Zipange hapa juu ya gazeti
kama zilivyokaa: moja, mbili, tatu, nne.
Usizivuruge. Ukizivuruga umenivurugia mashahidi.

Ya kwanza, rangi ya biskuti iliyochovywa chai.
Hiyo ni afya. Ya pili vivyo.
Ya nne ina masizi, si neno.
Ya tatu...
Hebu nisogezee miwani.

Ya tatu nyeupe kama chokaa, ncha imeliwa,
na hapa kwenye kauri, vidoto vidoto,
pilipili manga juu ya wali.
Si pilipili hizo.
Ni alumini ya pistoni yako, imeanza kuhama nyumba.

Waniambia gari ni la kazini na nyumbani.
Sikubishii.
Lakini hii imeshindana na mtu usiku
kwenye vilima vya Mtambile,
na gari lenyewe ni karafuu za babako, misimu mitatu.

Sasa wazitaka za iridiamu, ncha kama sindano,
kwa kuwa rafiki yako wa Unguja kakutumia picha.
Ninazo. Zile pale, kwenye kabati la kioo.
Nikikuuzia nne, nimelipa umeme wa mwezi.
Ila ni namba sita.
Sita ni ya mtu anayekwenda kazini na nyumbani.
Wewe chukua saba.

Saba ni baridi. Usicheke.
Baridi si kwamba haiwaki,
ni kwamba moto haiukalii: inaupokea, inaupitisha,
kama mama mkwe wangu na maneno ya watu.
Ile ya moto huweka. Huweka, huweka, hata iive nyekundu,
petroli ikiingia inawaka yenyewe, kabla ya amri.
Hapo ndipo pistoni inapoliwa.

Na soma boksi. Kampuni hii namba ikipanda, ubaridi unazidi;
ile nyingine ikipanda, ni moto.
Marehemu alikosea mara moja
tukalipa injini ya watu.
Cherehani yangu ilikwenda hapo.

Nipe hiyo geji, yenye vibati.
Turbo ina pumzi kali:
cheche ukiipa safari ndefu, inazimwa njiani
kama kiberiti mlangoni.
Kwa hiyo tunaibana. Nukta saba... bado...
gonga kidogo juu ya ubao, si chuma... haya. Inapita kwa shida.
Ndivyo itakiwavyo.

Hizi ni za shaba, elfu nane moja.
Hazidumu, nakwambia mapema.
Utarudi kabla majamvi hayajaanikwa tena.

Zifunge asubuhi, injini imelala.
Pamebana: Subaru hulaza silinda zake ubavu,
watu wanne kitanda kimoja.
Ichomeke kwenye kipande cha mpira wa petroli,
uizungushe kwa vidole, spana iweke mbali.
Ikikataa, usiilazimishe.
Irudishe nyuma taratibu, mpaka uisikie hesi
imeanguka mahali pake, tik,
ndipo uende mbele.

Elfu thelathini na mbili.
Na hii ya tatu niachie,
kikombe kile kina za wenzio.
Babako akipita Ijumaa akaiona,
nitamwambia ni ya gari jingine.
Plagi haijui kusema uongo.
Mie najua,
lakini mara moja tu, Suweid.