Pua ya Proboksi

Nyevu wa Mtongwe, muuza mayai,
alinijia Jumanne, gereji nyuma ya Sarigoi,
trei kumi na nne kwenye buti ya Proboksi
na hasira kiti cha mbele.
"Fundi, wateja wasema mayai yangu yameoza.
Makadara wamerudisha. Bondeni wamerudisha.
Nimepasua moja mbele ya mwenye hoteli,
kiini kimesimama kama jicho,
na bado ameziba pua."

Nikainamia ekzosi, nikavuta pumzi ndefu
kama mjuzi.
Sikupata kitu.

(Tangu ile homa ya mwaka juzi
sijui harufu. Hakuna ajuaye ila mimi,
na sasa wewe.)

Nikamwita Shee, mwanagenzi wangu,
kijana ambaye pua yake hufika kabla yake.
"Mayai viza, fundi. Na petroli juu yake."
Basi si kuku.

Moshi mweusi ulishapaka masizi
ukuta wa jirani niliolipia chokaa mara moja.
"Yanywa?"
"Yanywa kama imealikwa," akasema Nyevu.
"Mafuta ya elfu moja hayavuki siku."

Mashine ya kusomea ikatoa nambari yake.
Wengine hapo hapo hukimbilia dukani.
Mimi nambari huisikiliza kama shahidi wa kwanza:
ametaja jina, hajathibitisha kosa.

Vitabuni ni kihisi cha oksijeni.
Sisi twakiita pua.
Kimechomekwa shingoni mwa ekzosi, chanusa moshi,
chaipelekea kompyuta habari:
hewa imezidi, ongeza mafuta;
mafuta yamezidi, punguza.
Kikiwa kizima hakitulii. Mita yapanda, yashuka,
nukta moja, nukta tisa, nukta moja,
kama mtu abishanaye na nafsi yake.

Injini ilipopoa tulipaka povu la sabuni kwenye maungio,
tukatafuta tundu linaloingiza hewa ya uwongo.
Hakuna. Waya, nzima. Soketi ilikuwa na chumvi ya feri,
Shee akaisugua kwa mswaki. Tukawasha, tukasubiri joto,
nikagusisha mita.

Nukta moja.
Shee akakanyaga. Nukta moja.
Nikapuliza gesi ya mtungi kidogo pale injini inapovutia hewa,
kitu ambacho hata maiti angekisikia.
Nukta moja.

Hewa tu, hewa tu, mafuta hayatoshi.
Na kompyuta, maskini, yaamini,
yazidi kumimina.

Kukitoa ilikuwa kazi ya adhuhuri nzima.
Kutu imekikumbatia. Mafuta ya kulainisha, chai,
mafuta tena, spana ya ishirini na mbili
iliyopasuliwa ubavu kupisha waya,
bomba la kurefusha mkono.
Kikalia. Kikatoka, kichwa cheusi ti.

Kipya, Mwembe Tayari, elfu sita na mia tano.
Nyevu alilipa sehemu kwa pesa, sehemu kwa mayai.
Nikakifunga, nikawasha.
Mita ikaanza kubishana.
Shee akainama nyuma, akakaa kimya kidogo.
"Moshi tu, fundi. Moshi wa kawaida."

Usiku Mwanakombo alikuwa ameshafukiza.
"Wasikia?"
Kila jioni huniuliza hivyo, na mimi, miaka miwili,
"Yanukia vizuri."
Kesho yake huongeza.
Kipande kimoja cha udi kimekuwa vitatu,
yakafuata marashi mashukani,
kikuba juu ya mto wangu, kipana kama sahani,
hadi jirani wa ghorofani anakohoa.
Nami nikidhani ni mapenzi yake tu ya manukato.

Nukta moja. Nukta moja.

Nikaweka trei ya mayai mezani.
"Wasikia?" akarudia, chetezo mkononi,
uso wake nyuma ya moshi.
Nikasema: "Hebu kitue hicho kwanza, mama.
Njoo ukae."