Dirisha Namba Nne

Kijana wa vitambulisho, nyuma ya kioo,
kalamu ameibana sikioni kama seremala,
akalisoma jina langu mara mbili, Ntibona,
mara ya tatu akalitafuna.
"Mama, hili jina la wapi?"
Kasulu, nikamwambia.
"Kasulu ya huku, au umevuka?"

Miaka hamsini kasoro miwili niko Keko Machungwa.
Nimeshona sare za shule, kanzu za maulidi,
magauni ya kipaimara, sanda pia,
na sindano yangu haijamuuliza mtu kabila.
Cheti cha kuzaliwa sina. Nilizaliwa njiani,
mama akitoka kuteka maji.
Shahidi alikuwa mtungi, na mtungi ulivunjika.

Basi nikamwambia: andika Vifungo Jazz.

Akanitazama.
Andika, mwanangu. Bendi ya kiwanda cha vifungo, Barabara ya Pugu.
Jumamosi usiku, Jumapili bonanza kuanzia saa tisa,
kina mama watano wakiongozana, wanne wanalipa.
Bugaluu zao nilizishona mimi,
rangi ya chungwa bivu, mwaka ule wa foleni ya unga.
Kitambaa hakikutosha;
mpiga besi akacheza maisha yake yote na mfuko mmoja.

Solo, Kibwana Pazi, Mzaramo wa Maneromango,
vidole vikitembea kama kuku juu ya bati.
Tarumbeta, Ngonyani: mapadri walimfundisha kupulizia Pasaka,
akaja mjini kupulizia yaliyokatazwa.
Ngoma, Chitanda wa Newala.
Na Mwaipaja mwimbaji, ambaye "r" ilimshinda mpaka kaburini.
Akishika kipaza sauti, macho kafumba:
moyo wangu ni balua,
na ukumbi mzima, Wahaya, Wagogo,
yule Mhindi wa duka la vipuri na mkewe,
ukaitikia vilevile, balua, balua.
Hakuna aliyemsahihisha.
Tulikubaliana kukosea pamoja.

Kaka yangu Bukuru alikwenda Kagera.
Barua yake moja ilifika, imepigwa mistari myeusi na wakubwa,
haikuuliza shamba, haikuuliza mchumba:
"Waambie redioni wapige ule wa balua.
Tuko wengi huku handakini, tunabishana
nani aliujua kwanza."
Ulipigwa Alhamisi.
Taarifa ya jeshi ilitaja Jumanne.

Kiwanda kilipouzwa, mnunuzi alihesabu mashine,
akahesabu viti, madirisha, hata feni mbovu.
Bendi haikuwemo kwenye orodha ya mali.
Wakahamia baa moja ya Tandika, nyuma ya gereji,
na usiku fulani umeme ukakatika katikati ya solo.
Kibwana hakuacha.
Gitaa lisilo na umeme lililia kama nyenje ndani ya kiberiti,
nasi, watu sitini hivi, tukanyamaza tumsikie;
muuza mishikaki akaacha kupepea,
mlevi mmoja akavua viatu ili asogee bila kishindo.
Bendera naijua, ramani naijua, noti zikipatikana nazijua.
Lakini ukiniuliza nchi nimeiona wapi,
niliiona pale, gizani,
imebana pumzi.

Kijana akakohoa. Foleni nyuma yangu ikaguna.
"Mama, mfumo hauna sehemu ya bendi."
Najua.
"Lete barua ya mtendaji wa mtaa, na mashahidi wawili."
Mashahidi! Kibwana yuko makaburi ya Kinondoni.
Ngonyani yuko hai, ila kiharusi kimechukua ulimi
na midomo iliyobaki haijazi hata puto.

Nikafunga mkoba, nikajikongoja mpaka mlangoni.
Hapo ndipo nikamsikia akigonga muhuri
kwenye karatasi za mtu mwingine:
pa, pa-pa, kimya kidogo, pa.
Ile ile ya Chitanda, na kile kimya chake kilekile
ambacho wapiga ngoma wa siku hizi wanakijaza.
Sijui alikipata kwa nani, baba, bibi, kanda gani.
Kisha kwa sauti ya puani, hajijui:
moyo wangu ni barua.

Barua. Safi kabisa, kama mtangazaji.

Nikarudi dirishani kumsahihisha.