Alama ya Samaki

Miaka kumi na tisa niliandika madeni
katika depo ya unga pale Kadutu, juu ya soko,
kwa biki ya buluu, kaye moja baada ya nyingine,
majalada yakinuka mawese na moshi wa makaa.

Sikuandika hesabu tupu.
Pembeni mwa jina niliweka alama zangu:
nukta, huyu hulipa Jumamosi;
mawimbi, huyu ni mwongo, lakini hulipa;
mkia wa samaki, huyu mumewe anavua sambaza:
mwezi ukiwa mpevu taa za mitumbwi hazidanganyi kitu,
msubiri.

Patroni Birhashwirwa hakuzijua alama hizo.
Alinijua mimi.

Kisha mwanawe Arseni akarudi kutoka Kampala
na mashine bapa kama sinia.
“Papa, hii hailali, haili,
haiombi ruhusa ya kwenda matanga.”

Kweli, haikuomba.
Siku ya tatu ya matanga ya Cirhuza,
watu wameketi kwenye viti vya kukodi,
simu ya marehemu ikalia kifuani mwa mjane:
*Mteja wetu mpendwa Cirhuza, umechelewa siku tatu.
Lipa leo. Tunakutakia siku njema.*
Mjane aliisoma kwa sauti, pole pole, hadi nukta ya mwisho.
Hata waliokuwa wakipika walisimamisha miko.

Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani Cimpunda,
nikijifunza kuamka bila sababu.
Habari zilinifikia kwa midomo ya watu:
kwamba boti ya Goma ilichelewa, watu wakakimbilia unga,
mashine ikaona mbio, ikapandisha bei
asubuhi, saa sita, na tena kabla ya jua kuzama;
kwamba kijana wa kaunta, akitukanwa,
anainua mikono: “Si mimi, ni mashine.”

Si mimi.
Miaka kumi na tisa sikulitamka neno hilo mle ndani.
Nilikosea, ndiyo. Nilimwandikia M'Rugamika
magunia mawili badala ya moja,
akapanda ngazi na mwiko mkononi,
tukagombana, tukacheka, nikafuta.
Kosa langu lilikuwa na mlango wa kugonga.
La mashine liliingia nyumba mia nne kwa usiku mmoja
na halikuwa na uso.

Maana mwezi ulipevuka.
Wake za wavuvi wote, alfajiri moja,
wakakuta majina yao yamefungwa.
Hawakupiga kelele. Wanawake wale hawapigi kelele.
Walifunga vitenge vizuri, wakateremka Nyawera,
kwa mshindani, mwenye kaye chafu na biki iliyotafunwa.

Jana usiku patroni aligonga kwangu. Peke yake, viatu vimejaa tope.
“Zihalirwa, zile kaye za zamani ziko wapi?”
“Ulinipa nikawashie moto.”
“Uliwasha?”
“Nilimpa Mama Nabintu, yule wa karanga.”

Tukashuka ngazi za simenti na tochi ya simu yake.
Mama Nabintu alikuwa bado anakunja karatasi,
vidole vyake vikigeuza madeni kuwa pembe ndogo,
karanga kiganja kimoja, chumvi, franga mia mbili.
Patroni akanunua pembe zote arobaini.
Akazifungua moja moja, akazinyoosha juu ya goti,
chumvi ikimwagika kwenye suruali yake ya kitambaa kizuri,
na karanga akazimimina mikononi mwangu,
kwa kuwa hakuwa na pa kuziweka.

“Hii hapa,” akasema, tochi ikitetemeka.
“Hii kama mkia wa samaki. Ina maana gani?”

Mdomo wangu ulikuwa umejaa.
Nikamwonyesha kwa kidole, kule juu ya ziwa.
Akatazama kidole.