Ng'ombe wa Buluu

Tulimuuza Pasaka mwezi wa tano, tope likifika magotini.
Mnunuzi alimkokota; yeye akageuka mara moja tu,
akalitazama banda, si sisi.
Fedha ikaishia kwenye nyonga ya mama
aliyoivunja akiruka mfereji, na miaka yake sabini na mbili.
Banda likabaki na kamba, na harufu, na baridi.

Migomba haijui habari za hospitali.
Migomba inadai.

Nikashuka Mbuyuni, nikanunua pipa la buluu
lililowahi kubeba molasi; nyuki wawili walinisindikiza hadi Pasua.
Fundi Ndelilio akalitoboatoboa kwa msumari wa moto,
akalipitisha bomba ubavu kwa ubavu,
akaunga miguu minne ya nondo,
akalisukuma kwa kidole kimoja. Likabiringika.
"Haya," akasema, "mbuzi wako huyu, na mshikaki wake."

Likapanda Shimbwe mgongoni mwa Canter, limelala juu ya mabati ya watu.
Nikalisimamisha pale pale alipokuwa akilala Pasaka,
nikalilisha: maganda ya ndizi, maganda ya viazi,
machicha ya mbege, kabichi iliyooza.
Nikalizungusha asubuhi, mchana, jioni,
kama mtoto aliyeokota tairi.
Mama alikuwa mlangoni, fimbo mapajani.
"Huyo anakula," akasema, "lakini hacheui."

Huku kwetu Juni haiingii, inavamia.
Ukungu unatoka msituni kabla jogoo hajajikung'uta,
unakaa uani hadi saa tano
kama mgeni anayesema "basi ngoja niende" na haendi.
Mlima hatuuoni wiki mbili; tunaamini tu kwamba upo.
Siku ya kumi na moja nilifungua kimlango cha pipa, nikatia mkono:
baridi ya tumbo la chura.
Maji meusi, uvundo wa yai viza.
Nikasema, nimenunua mzoga.

"Anaharisha," mama akasema.
Nani?
"Huyo wako. Umempa mabichi matupu. Ng'ombe gani
analishwa mabichi matupu na baridi hii?"

Basi nikaleta makavu:
majani ya mgomba yaliyokauka mtini, nikayakatakata kwa panga,
maranda ya seremala, magunia mawili,
na koleo moja la udongo mweusi wa shinani, uwe chachu.
"Mjaze. Tumbo nusu halina joto.
Na usimsumbue! Unamgeuza kila saa, atapataje usingizi?"
Nikawa nazungusha kila siku ya nne.
Akatoa blanketi la kijivu, lile tulilomfunika Pasaka
usiku aliozaa ndama mfu,
akanirushia bila kunitazama.
"Mvike."

Hivyo ndivyo pipa lilivyohama ngeli nyumbani kwetu.
Mimi nilisema limejaa, yeye akasema ameshiba.
Mimi, linavuja; yeye, anakojoa, mwache.

Siku zikapita. Sikuona kitu.
Julai ikaja na umande wa kukata vidole,
nikafungua: vuguvugu, au labda tamaa yangu.
Nikafunga. Sikumwambia mtu.

Jumanne moja niliamka, nikakikuta kiti cha mama kitupu.
Fimbo haipo. Kandambili hazipo.
Nyayo zake kwenye umande, moja ndefu, moja fupi,
zilikwenda moja kwa moja bandani.

Blanketi alikuwa amelikunja upande.
Kwenye vitundu vya msumari mvuke ulitoka,
mwembamba, mweupe, ukipanda na kukatika,
jinsi pua ya Pasaka ilivyofanya asubuhi za baridi
alipokuwa akingoja pumba.
Mama ameegemea pipa, viganja vyote viwili juu yake,
amefumba macho.

"Amecheua," akasema.

Mboji bado. Pengine Septemba, pengine Oktoba,
na migomba mitatu ya chini imekwisha kuanguka.
Nilimwita mara mbili aje anywe uji.
Hakutoa mikono.
Uji ukapoa mezani, ukaota ngozi.