Kikwapa

Alipanda ngazi zangu na theluji mabegani,
Ilsiyar, binti wa Raushania muuza asali,
kasha la fidla mgongoni kama mtoto wa kubebwa.
"Bibi Minzifa, Jumamosi napanda jukwaani,
na gauni nililokodi linanikodolea macho mimi mwenyewe."

Nikamwambia, livae nilione.
Jekundu, zuri, sisemi uongo;
aliyelishona anaijua kazi.
Lakini tazama mikono ya msichana:
wa kulia unavuta juu, kifuani,
wa kushoto unavuta chini, mapajani,
na fidla imelala mezani, haina wa kuishika.

Sikumhubiria.
Mwenye pini mdomoni hahubiri.
Nilimuuliza tu, hilo gauni ni la nani?
Akanyamaza. Chini mtaani
tramu ikakwaruza barafu ya Kazani.

Tukachagua kitambaa kizito, rangi ya zabibu mbivu,
kifike kwenye kifundo cha mguu, kola isimame.
Mikono mirefu, nikasema. Hapo akashtuka:
"Itanibana, bibi. Upinde hautafika."

Kumbe hajui siri ya kwapa!
Nikakata mraba usiozidi karata moja,
nikaushona pembepembe chini ya bega,
pale ambapo hapana jicho litakalopita.
Inua, nikasema. Akainua.
Juu zaidi.
Kiwiko kikapaa kama mlango uliotiwa mafuta.

Mama yangu alishona viatu vya sufu kiwandani,
ovaroli, na kitambaa cheupe kilichofungwa kisogoni.
Msimamizi akamwambia avue, zama mpya zimefika.
"Zama na zikaribie chai," akajibu,
"kitambaa kina mwenyewe,"
akarudi kwenye sindano yake.
Wapo waliovua. Walikuwa shoga zake,
walimega naye mkate mmoja miaka ishirini,
wala hakuwahesabia nywele.

Jumamosi nilikaa safu ya nyuma, karibu na mlango,
kwa sababu ya goti hili.
Akatoka. Hakuvuta kitu.
Alikuwa na haya, ndiyo,
lakini si ile ya kuinamisha shingo;
alitembea kama mtu anayekwenda kufungua dirisha nyumbani kwao.
Mikono yote miwili ilikuwa na kazi moja.
Watu wakasahau kumtazama, wakamsikiliza,
na katika kumsikiliza, nadhani,
ndipo walipomwona.

Alishika nafasi ya nne.
Mama yake alilia. Yeye aliomba pipi.

Leo karudisha gauni: pindo limechanika.
Alikimbilia tramu, anasema,
akicheka kicheko cha kuwaamsha majirani.
Nimeligeuza ndani nje, nimekagua kwapani.
Uzi wangu uko palepale.